Kulinganisha mbao za Gabon na Kameruni ziendazo China

Mimi huanzia kwa mnunuzi. Fungua Comtrade, hifadhidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa, weka China kama mwagizaji, kisha vuta takwimu za Gabon na Kameruni za mwaka uleule. Hapo mizigo yote imehesabiwa na forodha moja.

Msimbo wa forodha 4403 ni magogo, 4407 ni mbao zilizopasuliwa, usizijumlishe kienyeji. Gabon ilipiga marufuku kuuza magogo nje mwaka 2010, kwa hiyo ukitazama 4403 peke yake utadhani haina msitu! Geuza mbao kuwa ujazo wa magogo kwanza: mita moja ya ujazo ya mbao hula takriban mbili za gogo, kutegemea kiwanda. Linganisha dola baadaye, maana bei inayoandikwa na forodha ya China imebeba nauli ya meli na bima.