Andika uamuzi wako kabla ya kuiuliza mashine

Mdogo wangu anauza vipuri Kirinyaga Road, pale ambapo wazee wa jiji bado wanapaita Grogan. Mimi nafundisha usimamizi wa biashara, darasa la jioni, katikati ya jiji. Mwezi wa pili alikuja kwangu Jumapili, akanisukumia mezani simu yenye programu ya akili unde (AI), hata kabla ya chai. "Dada, hii kitu inasema nifungue duka la pili Githurai. Angalia, imenipangia mpaka rangi ya bango."

Nikasoma. Kiswahili safi, aya zimenyooka, kodi imo, mshahara wa kijana wa dukani umo. Gudwili, ile pesa ya kuingilia duka isiyohesabiwa kwenye kodi, haimo. Mahali penye watu wengi Nairobi, ufunguo wa duka mara nyingi hutanguliwa na gudwili, na yeye alikuwa ameitishwa shilingi 350,000. Mashine haikuitaja kwa sababu hakuiambia, na hakuiambia kwa sababu kwake hilo ni jambo ambalo kila mtu analijua.

Tulikaa nalo hadi jioni. Tulivyofanya siku ile ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wangu sasa, na ndivyo ninavyokuandikia wewe mwenye uamuzi wa kazi mkononi, uwe na kioski au idara nzima.

Anza na karatasi, simu ikae chumba kingine. Andika ungeamua nini leo kama simu hiyo ingeibwa kwenye matatu, kwa nini, na ni jambo gani likitokea utajua kwamba umekosea. Sentensi tatu zinatosha. Chini yake andika mambo ambayo "kila mtu anayajua" kuhusu kazi yako. Hapa usiharakishe. Mdogo wangu alianza kwa kunung'unika, akaishia kujaza ukurasa: gudwili, kanjo (askari wa kaunti), broka anayeleta wateja na kudai chake, makanika wanaochukua mali kwa deni, mwenye jengo asiyekubali kuandika mkataba wa zaidi ya miaka miwili. Mashine imesoma maandishi mengi mno ya dunia, lakini ukurasa ule haikuwa imeusoma.

Kalamu itangulie simu kwa sababu niliyoiona darasani. Muhula uliopita niliwapa wanafunzi 34 kisa cha muuza maziwa wa Kawangware anayetorokwa na wateja. 19 kati yao walinirudishia mapendekezo matatu yaleyale ya mashine, kwa mpangilio uleule: mitandao ya kijamii, kadi ya zawadi kwa wateja waaminifu, mafunzo ya huduma bora. Maziwa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda, halafu kadi ya zawadi! Hakuna hata mmoja kati ya hao 19 aliyegusia ATM ya maziwa, mashine ya kujipimia maziwa kwa pesa uliyo nayo, iliyofunguliwa nyumba ya pili, na ilikuwa imetajwa waziwazi katika aya ya pili ya kisa.

Herbert Simon, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 1978 kwa kazi yake kuhusu namna mashirika yanavyofanya maamuzi, alieleza kwamba meneja hatafuti jibu lililo bora kuliko yote. Hutafuta linalotosha, kisha anaacha kutafuta. (Ndiye huyohuyo aliyehudhuria mkutano wa 1956 kwenye chuo cha Dartmouth, Marekani, ulioanzisha fani ya akili unde. Nikiwaambia wanafunzi hivyo hudhani nawatania.) Zamani, kulipata hilo linalotosha kulikuchosha kidogo: umuulize huyu, umpigie yule, ulale juu yake. Sasa linafika kwa sekunde tatu likiwa limevaa suti.

Lipo pia jaribio lililofanywa hapahapa Kenya, ambalo watafiti kutoka Marekani walitoa matokeo yake mwaka 2023. Walichukua wafanyabiashara wadogo 640, na baadhi yao wakapewa mshauri wa akili unde wa kuandikiana naye kwa WhatsApp. Ukiwachukua wote kwa wastani, mshauri hakuleta tofauti ya maana. Ukiwagawa, waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walipanda zaidi, na waliokuwa wakisuasua walishuka. Mshauri alikuwa mmoja. Wala usidhani haya ni ya wachuuzi tu: mwaka huohuo washauri 758 wa Boston Consulting Group, kampuni kubwa ya ushauri wa biashara, walipimwa. Waliopewa GPT-4, mashine ya aina hiyohiyo, walifanya haraka na vizuri zaidi zile kazi ambazo mashine inaziweza. Kwenye kazi iliyochaguliwa makusudi kwa kuwa mashine haiiwezi, walikosea kuliko wenzao waliotumia vichwa vyao tu.

Ukishaandika, ipe namba. Mdogo wangu anapokea malipo mengi kwa Lipa na M-Pesa, kwa hiyo taarifa ya miezi sita ilikuwepo. Usiipandishe nzima. Ina majina ya wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikusamehe kwa sababu duka lako ni dogo. Futa safu za majina na simu, bakiza tarehe, saa na kiasi. Kisha usiiachie mashine ijumlishe kwa maneno. Iambie ikuandikie fomula ya Excel, uiweke mwenyewe, halafu chukua siku moja uijumlishe kwa kikokotoo uone kama zinalingana. Ni dakika tano.

Namba zetu zikatoka nzuri, na hapo ndipo tulipokaribia kuanguka. Mashine ikasema Jumamosi alasiri ndiyo saa ya mauzo makubwa kuliko zote, hivyo aongeze kijana wa pili siku hiyo na ajaze mali Ijumaa. Nikaona ina mantiki. Mdogo wangu akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Jumamosi alasiri hauzi kitu. Makanika wanakuja kulipa madeni ya wiki, kwa sababu wateja wao wamewalipa asubuhi. Filta na plagi zilitoka dukani Jumanne na Jumatano, zikaandikwa kwenye daftari lenye jalada la bluu ambalo halijawahi kuonana na intaneti. Taarifa ya simu inaonyesha pesa zilipoingia. Haionyeshi mali ilipotoka.

Basi jiulize, kwa kila namba unayoipa mashine: hii imeandikwa na nani, saa ngapi, na nini kimebaki nje? Wanafunzi wangu wanaofanya kazi benki na hospitalini wanaona hili ni la maduka ya mtaani, mpaka niwaombe waniambie ripoti yao ya mahudhurio hujazwa saa ngapi.

Sasa uliza. Usiseme "nataka kufungua duka, nishauri", kwa sababu utashauriwa ufungue. Sisi tuliandika hivi: "Kabla ya kunishauri lolote, niulize maswali kumi ambayo mkopeshaji mgumu angeuliza, moja baada ya jingine." Swali la nne lilikuwa fedha za kuanzia zitarudi baada ya muda gani. Akapiga hesabu: duka lile lingemwachia kama 15,000 kwa mwezi baada ya kodi na mshahara, na gudwili ni 350,000. Miezi 23 na ushee. Mkataba ni wa miezi 24. Akanyamaza.

Kisha fungua mazungumzo mapya kabisa, uandike yaleyale huku ukijifanya hutaki kufungua. Ikikuunga mkono mara zote mbili, umejua kwamba ilikuwa inakufuata tu. Yetu ilikubali pande zote mbili, kwa heshima kubwa.

Kwa mnaoandika tasnifu, nina mawili. La kwanza mnalijua na bado mnalifanya: mashine hutunga marejeo. Jina la mwandishi lina sura ya kweli, jarida lipo, makala haipo. Usiandike rejeo ambalo hujalifungua ukalisoma kwa macho yako. La pili ni gumu zaidi kuligundua. Mwanafunzi wangu alifanya mahojiano 22 na watu wa matatu, akaipa mashine iyapange kwa mada. Ikamletea mada kubwa ya "moyo wa kufanya kazi kwa timu", kwa kuwa neno skwodi (kutoka "squad" ya Kiingereza, yaani kikosi) lilijitokeza kila mahali. Anayepanda matatu anajua skwodi ni yule dereva au kondakta wa muda anayeshika gari kwa raundi kadhaa wakati mwenyewe anapumzika. Hiyo ni kazi ya kibarua, isiyo na barua wala bima, na ndiyo iliyokuwa habari yenyewe ya utafiti. Soma mahojiano matano kwa mkono kwanza, uweke mada zako, halafu ndipo uone mashine imesemaje kuhusu haohao watano.

Kwa walimu wenzangu: acheni kuwinda nani ameitumia. Vipimo vya kunasa maandishi ya mashine huwasingizia wasio na hatia, na wajanja huvipita. Mimi napokea insha pamoja na mazungumzo yote na mashine, halafu kila mwanafunzi anasimama nami dakika tano nje ya darasa. Swali langu ni moja: ni pendekezo gani ulilikataa, na kwa nini? Asiyekataa lolote hujulikana kabla ya dakika ya pili. Ndiyo, inachosha, na matatu ya mwisho ya kwetu imeniacha mara mbili.

Mwisho, daftari. Tarehe, ulichoandika kabla, mashine ilichosema, ulichoamua, na siku ya kurudi kukagua. Mdogo wangu aliandika kwenye lilelile la bluu, nyuma: Githurai hapana, kijana wa bodaboda apeleke vipuri gereji za kule kila asubuhi, miezi mitatu, wanaolipa papo hapo tu. Bodaboda haikutoka kwa mashine wala kwangu. Makanika mmoja wa Roysambu alikuwa akimwomba hivyo tangu mwaka jana, na ilikuwa kwenye ule ukurasa wa mambo ambayo kila mtu anayajua, mstari wa tisa. Tunakagua mwisho wa mwezi wa tano, dukani kwake, akishafunga.