Kabla ya kupeleka taka jaani Kibele

Mie naendesha keri, kigari kidogo cha mizigo, hapa Fuoni, Unguja. Ikikaribia Ramadhani simu hainyamazi: watu wanasafisha nyumba, wanataka taka zao zifike Kibele. Ninayowaambia wateja wangu ni haya.

Kazi kubwa iko nyumbani. Maganda ya muhogo na ya ndizi wape mbuzi, na mabaki mengine yafukie chini ya migomba. Makumbi na vifuu ni kuni, jirani atavichukua. Taka mbichi ndizo nzito na ndizo zinazonuka, na zikifukiwa jaani pasipo hewa hutoa gesi inayowaka. Jaa likishika moto chini kwa chini, kuuzima ni mtihani. Makopo na vyuma weka polo (gunia) lao, muuzie wa chuma chakavu.

Hapa sasa naomba sana. Jaani kuna watu wanaookota kwa mikono mitupu, ndiyo riziki yao. Sindano za mgonjwa wa sukari zitie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, uzirudishe kituo cha afya. Usinipakilie mimi. Vipande vya chupa na gilasi tia ndani ya boksi, lifunge kwa utepe wa gundi, andika VIGAE kwa herufi kubwa. Betri ya gari mpelekee fundi betri, wala usimwage maji yake uani: Unguja ni jiwe la matumbawe, kinachomwagwa juu huteremka upesi kwenye maji ya visima tunayokunywa.

Muulize sheha au ofisi ya baraza lenu kuhusu ruhusa na ada kabla hujakodi gari. Jumbi palipokuwa pakimwagwa zamani usipeleke. Tumia mapolo utakayorudi nayo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006.

Siku yenyewe toka asubuhi, jua halijawa kali. Funika mzigo kwa turubali na ukaze kamba pande zote. Vaa viatu vilivyofunika vidole, watoto wabaki nyumbani. Ukifika, mwaga pale utakapoonyeshwa tu, na kama mvua imenyesha shuka kwanza uikanyage ardhi kabla hujarudi kinyumenyume, maana gurudumu likizama kwenye taka utasukumwa mchana kutwa. Ukishamwaga, fagia bodi palepale, vijikaratasi visipeperuke njiani.