Kabla hujatuma mchango: namna ya kuikagua asasi

Kazi yangu ni kufunga vitabu vya hesabu vya asasi ndogo ndogo hapa Dar es Salaam. Ramadhani ikikaribia, na tena Desemba, swali huwa lile lile: nimchangie nani? Simtajii mtu jina. Ninampa utaratibu huu, ambao unahitaji simu na subira ya wiki moja hivi.

Hatua ya 1: Tenga mafungu

Zaka ina masharti na wenyewe. Ukiipitishia kwenye asasi, uliza kwanza kama wanaiweka mbali na michango mingine. Fungu la kumi linajulikana linakokwenda. Harusi, msiba na bili ya hospitali ya binamu ni mambo ya ukoo, hayahitaji mwongozo wangu. Hapa tunazungumzia kinachobaki. Anayepokea laki tisa kwa mwezi akitenga asilimia 3 anapata 27,000, yaani 324,000 kwa mwaka. Ukiitawanya kwa asasi kumi haionekani. Chagua mbili, basi.

Hatua ya 2: Chagua shida kabla ya jina

Ukishajua shida inayokugusa, uliza inakwama wapi. Chukua fistula, jeraha la uzazi linalomfanya mwanamke avujwe na mkojo au kinyesi. Hospitali ya CCBRT, Msasani, inatibu bure, lakini mwanamke wa kijiji cha mbali hana nauli, na pengine hajui kwamba ugonjwa wake una tiba. Ndiyo maana mwaka 2009 hospitali hiyo ilianza kutuma nauli kwa M-Pesa kupitia mabalozi wanaowatambua wagonjwa huko huko waliko. Asasi inayoweza kukueleza namna hiyo, kwamba mambo yamekwama hapa na fedha inayakwamua hivi, imeshaifikiria kazi yake. Inayokujibu "tunawawezesha wanawake" na kuishia hapo, iulize tena.

Hatua ya 3: Usajili

Tanzania Bara, mashirika yasiyo ya kiserikali yanasajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, na msajili yuko Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Angalia tarehe ya cheti, kwani tangu marekebisho ya 2019 cheti kina ukomo wa miaka 10. Jumuiya za dini na vyama vingine huenda Mambo ya Ndani, na wadhamini husajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Kukosa jina kwenye orodha moja si ushahidi wa utapeli. Kenya sasa wanatumia Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kufanya kazi Mei 2024. Cheti kinathibitisha kwamba asasi ipo. Hakisemi kama inafanya kazi.

Hatua ya 4: Omba hesabu zilizokaguliwa

Usione haya, sheria inataka taarifa ya mwaka ya asasi ipatikane kwa umma. Anza na ukurasa wa maoni ya mkaguzi, na uhakikishe amesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Kama si hati safi, soma aya inayoeleza msingi wa maoni, maana hapo ndipo mambo yanapotajwa waziwazi: stakabadhi zilizokosekana, gari la mradi lenye kadi ya jina la mkurugenzi.

Kisha ruka hadi kwenye maelezo ya hesabu, nyuma kabisa, ambako watu wengi hawafiki. Mimi hutafuta mstari wa masurufu yasiyorejeshwa, yaani fedha walizochukua wafanyakazi kwa safari na semina bila kuleta risiti. Uweke kando ya safu ya mwaka uliopita. Ukikuta kiasi kimebaki pale pale au kimepanda, jua hakuna anayefuatilia.

Mishahara isikutishe. Asasi ya wauguzi matumizi yake ni mishahara, utake usitake. Ninachohoji ni posho za vikao zinapozidi gharama za huduma yenyewe.

Kikundi kidogo kisicho na mkaguzi, omba uione leja na taarifa ya benki, na uulize wanaosaini hundi ni wangapi. Mmoja hatoshi.

Hatua ya 5: Ukiamua kituo cha watoto

Makao ya watoto yanahitaji leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anavijua vituo vyake. Kisha muulize mlezi mkuu maswali mawili: watoto wangapi wana mzazi au ndugu aliye hai, na mwaka jana wangapi walirudishwa kwao? Kituo makini kina jalada la kila mtoto, kwa hiyo jibu halichelewi.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenganisha mtoto na familia yake, na mkakati wa Kenya wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwatoa watoto vituoni na kuwarudisha kwenye familia. Mimi niko upande huo: nitamlipia sare na madaftari mjukuu anayeishi kwa bibi yake kabla sijachangia bweni jipya. Na kituo kinachowapanga watoto waimbe kila mgeni anapoingia na kamera, ninakipita.

Ukipeleka vitu, piga simu kwanza. Stoo inaweza kuwa imejaa tambi na sukari huku luku imeisha.

Hatua ya 6: Tuma kidogo, uangalie

Tumia Lipa Namba au akaunti ya asasi. Kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea. Likiwa la mtu binafsi, acha. Dai stakabadhi. Baada ya miezi mitatu uliza kilichofanyika, na ukiridhika weka mchango wa kila mwezi usio na masharti, kwa sababu kodi ya ofisi nayo lazima ilipwe na mtu. Ukitaka kuacha, wape taarifa mapema. Wanakuwa wameshakuweka kwenye bajeti.