Skopu ya kwanza kwa hela kidogo: jiulize kwanza unapima nini

Juzi dogo mmoja wa mtaani kanifuata, "bro nina laki na nusu nataka skopu, nichukue ipi?" Nikamuuliza unataka kupima nini, akanyamaza, halafu akasema "ile yenye megahezi nyingi". Sasa hapo ndo wengi tunapopigwa, hata mi nilipigwa hapo hapo, ntafika huko.

Skopu, yaani oscilloscope, ni kile kifaa kinachochora kwenye kioo volti inavyopanda na kushuka. Kwanza tuelewane kwa nini mita haitoshi. Una chaja ya simu, unaipima inasoma 5.02 unasema nzima hii, ila ukichomeka simu inachaji inaacha, inachaji inaacha, tachi inacheza yenyewe. Weka skopu hapo hapo kwenye zile volti 5, ukiwa umeiweka kwenye AC ili ile 5 yenyewe iondoke ubaki na takataka zilizopanda juu yake, utakuta miiba inaruka nusu volti huko, maelfu kwa maelfu kila sekunde. Kapasita ya upande wa kutolea imekauka. Mita ilikuwa inakupa wastani tu, hiyo miiba haioni hata ukeshe nayo.

Haya, kila kazi ina spidi yake (hezi ni mzunguko mmoja kwa sekunde, kilohezi ni elfu, megahezi ni milioni). Sauti ya amplifaya inaishia kilohezi 20. Rimoti ya TV inapiga kilohezi 38. PWM (ile washa-zima ya haraka haraka) ya Arduino Uno, kale kabodi ka kujifunzia kuprogramu, kwenye pini nyingi ni hezi 490 tu. I2C, waya mbili ambazo chipu zinaongelea, kilohezi 100 au 400. Pawasaplai za chaja na TV nyingi zinakimbia kwenye makumi ya kilohezi mpaka mia na kitu. Yaani anayeanza, kazi zake karibu zote hazifiki hata megahezi moja, we unataka mia za nini?

Ila usiruke upande wa pili pia. Ile megahezi iliyoandikwa kwenye skopu ndo bendiwidi, na maana yake sio "mpaka hapa inaonyesha vizuri", maana yake ni kwamba ukifika hapo wimbi linaonyeshwa asilimia 70 tu ya urefu wake. Na wimbi la mraba, kama lile la dijitali, ndani yake limebeba mawimbi ya spidi mara 3, mara 5 na kuendelea, ukiyakata hayo pembe zinakuwa duara. Kwa hiyo chukua spidi ya unachopima zidisha kwa 5, hapo uko salama. Kuna namba nyingine, sampuli kwa sekunde, yaani skopu inapima mara ngapi kila sekunde, hiyo iwe angalau mara 4 au 5 ya bendiwidi, na ndo inayowaumbua waongo: mtu akikuandikia megahezi 100 afu sampuli milioni 200 kwa sekunde, cheka uondoke.

Mi sikucheka, nililipa. Ilikuwa ya kioo cha kugusa, nzuri kweli kwa macho, jina siliandiki, boksi limeandikwa 100. Nikachukua Arduino Uno, nikaiprogramu taima itoe megahezi 8 kwenye pini ya 9, mraba safi kabisa, nikaweka probu (waya wa kupimia wa skopu) kwenye 10X, nikakuta kilima na bonde, kilima na bonde, kama mawimbi ya bahari. Nikadhani Arduino ndo mbovu. Jamaa yangu akaja na skopu yake ya megahezi 100 ya kweli, waya ule ule, pini ile ile, pembe zikasimama wima na katetemesho kadogo pale juu. Nilikaa kimya kama dakika nzima.

Sasa kwa mfuko. Kama una kama dola 30 hivi kuna DSO138, inakuja vipande unaunga mwenyewe, chaneli moja (unapima sehemu moja tu kwa wakati), inaishia kilohezi 200, sampuli milioni 1 kwa sekunde, inataka volti 9, na kwenye kuingiza usivuke volti 50. Watu wanaidharau eti toi. Kwa sauti, rimoti, PWM na kujifunza trigeri ni nini (ile inayofanya wimbi litulie kwenye kioo) inatosha kabisa, na ukiiunga mwenyewe unakuwa umeshajifunza kuchomelea. Ila pawasaplai za swichi, zile za chaja na TV, itakuonyesha kwa ukungu.

Kama kazi yako ni Arduino na ESP32 (kabodi kengine ka kuprogramu) na shida yako ni "data inatoka au haitoki", pengine huhitaji skopu kabisa, kuna kile kidubwasha cha USB cha chaneli 8 kinachosoma moja na sifuri tu, kama dola 10, unakitumia na programu ya bure inaitwa PulseView na inakutafsiria I2C na seriali kwa herufi. Mi nakitumia kuliko skopu, kweli tena.

Fundi wa kuzunguka majumbani angalia za mkononi zenye mita ndani, mfano Owon HDS242, megahezi 40, chaneli mbili, inatembea na betri. Ukishafika dola 200 na kitu unaingia kwenye za mezani za ukweli, Hantek DSO2C10 ina megahezi 100 na sampuli bilioni 1 kwa sekunde, ukiwasha chaneli zote mbili zinagawana nusu nusu, na hilo ni kawaida kwa nyingi, soma vizuri. Ukiongeza tena ndo unakuta Rigol DS1054Z, megahezi 50 ila chaneli 4, ya siku nyingi lakini mpaka leo watu wanaipenda. Na zile za zamani za kioo kama TV ya chogo, ukipata nzima kwa bei ya kuokota chukua, zinachora vizuri mno, ila nyingi haziwezi kugandisha tukio lililotokea mara moja, na ukiifungua mle ndani kuna maelfu ya volti, usiifungue.

Probu: ina kiswichi 1X (volti inapita kama ilivyo) na 10X (inagawanywa kwa 10). Kaa kwenye 10X, kwenye 1X bendiwidi yake inashuka mpaka megahezi 6 hivi hata kama skopu ni ya mia. Siku ya kwanza ishike kwenye kile kichuma cha skopu kinachotoa kilohezi 1, zungusha kaskrubu kadogo ka probu mpaka mraba ukae mraba, mabega yasipande wala yasilale.

Na hili soma mara mbili. Kale kaklipu keusi ka probu kwenye skopu ya mezani kameunganishwa moja kwa moja na ethi ya ukutani. Ukikashikisha kwenye upande wa moto wa pawasaplai ya TV, pale kwenye kapasita kubwa yenye volti 320 na kitu, umeunganisha umeme na ardhi kwa waya mwembamba, utasikia mlio. Kuna mafundi wanakata pini ya ethi ya skopu, sasa hapo bodi lote la skopu ndo linakuwa moto na we unaligusa. Weka transfoma ya kutenganisha kwenye hiyo TV, au tumia ya betri na usiguse chuma cha probu. Skopu ya USB iliyochomekwa kwenye laptop usiipeleke huko kabisa, utaua vyote viwili.

Dogo alichukua DSO138 na kile kidubwasha cha dola 10, hela ikabaki. Wiki iliyopita kanitumia picha, mapigo ya rimoti ya king'amuzi yamejipanga vizuri, ila kioo kimekaa upande, pini kachomelea zimelala.