Kidonge Kinapobanduka: Kagua Fuwele na Unyevu Kabla ya Kuongeza Mgandamizo

Kidonge cha parasetamoli kikitoka mashineni na tabaka lake la juu likabanduka kama kifuniko, usikimbilie kuongeza mgandamizo. Mara nyingi nguvu ya ziada huzidisha kasoro hiyo, kwa kuwa unga hutanuka tena panchi (chuma kinachougandamiza) inapouachia, na hewa iliyobanwa ndani husukuma kutoka. Anza na fuwele, kisha unyevu.

Parasetamoli ya viwandani kwa kawaida ni ya umbo la kwanza la fuwele (namna molekuli zake zilivyopangika), ambalo ndilo imara, ila fuwele zake hazina matabaka yanayoteleza, hivyo hazishikani vyema. Umbo la pili lina matabaka hayo na hugandamizika vizuri zaidi, lakini huweza kugeuka na kuwa la kwanza. Kwa maoni yangu, ni salama zaidi kubaki na umbo la kwanza na kulitengenezea chembechembe kwa njia ya majimaji, yaani kuuloanisha unga ushikane kisha kuukausha, ukitumia povidoni (polima inayonata) au uji wa wanga kama kishikizo.

Unyevu ndio unaosumbua zaidi Dar es Salaam, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei. Chembechembe zilizokauka vizuri asubuhi, zikiachwa wazi kwenye trei, hufyonza maji ya hewani kabla ya kufika mashineni. Zikizidi ukavu, vidonge hubanduka. Zikizidi maji, unga hunata kwenye uso wa panchi, na herufi zilizochongwa hutokea na mapengo. Kwa hiyo pima unyevu muda mfupi kabla ya kugandamiza, si pale tu zinapotoka kwenye kikaushio, na uzihifadhi katika mapipa yaliyofungwa, ndani ya chumba chenye kifaa cha kupunguza unyevu.

Iwapo fomula ina laktosi monohidrati (sukari ya maziwa inayotumika kama kijazo), kumbuka kwamba takriban asilimia 5 ya uzito wake ni maji yaliyo ndani ya fuwele, ambayo kwa sehemu kubwa hayatoki kwa nyuzi 105 za Selsiasi. Kipimo cha Karl Fischer, ambacho hupima maji kwa kemikali, huyahesabu, ilhali mizani ya kukausha, ambayo hupima uzito unaopotea kwa joto, huyaacha. Usiongeze joto ili kulinganisha namba hizo.

Badilisha jambo moja kwa wakati, kisha zungusha vidonge mara 100 kwenye pipa la kupima umomonyokaji: upotevu wa uzito usizidi asilimia 1, na kidonge chochote kilichopasuka kinatosha kulikataa jaribio.