Viti vya zamani vya meza ya kulia: kipindue kwanza ndo ulipe

Jamani mie naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka juzi, wiki moja kabla ya Ramadhani, nlinunua viti sita vya zamani vya meza ya kulia, mahameli ya rangi ya damu ya mzee, misumari ya shaba imepangwa pembeni kama shanga, nikavipakia kwenye kirikuu na njia nzima nnajiona bi harusi. Futari ya tano mjomba akakaa, akaegemea kidogo tu ili apokee kikombe cha uji, mguu wa nyuma ukalia ka! Mjomba chini, uji juu yake. Hakuumia alhamdulillah, ila mpaka leo akija kwetu anauliza kwanza, "hichi ni katika vile?" ndo anakaa.

Kosa langu nlinunua kitambaa. Wahenga wanasema uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, sasa kwenye viti we uifahamu kwa upande wa pili, sie hicho kipande cha mti ndo tunachokitafuta, huo mkakasi fundi wa makochi anaubadilisha kwa siku mbili. Kiti kilichochanika kitambaa lakini mifupa yake mizima nakichukua leo hii. Chenye nguo mpya inayometa na viungo vimelegea, mwachie mwenyewe.

Halafu neno "antiki" lisikutishe wala lisikupandishie bei. Kwa desturi ya biashara hiyo kitu kinaitwa antiki kikishatimiza miaka 100, chini ya hapo ni cha zamani tu hata kikiwa kizuri vipi. Mjini hapa Unguja kila kitu utaambiwa cha wakati wa Sayyid Barghash, yule sultani wa Zanzibar, haya, Barghash katawala 1870 mpaka 1888, sasa kiti cha enzi hizo skrubu za nyota kimezitoa wapi? Skrubu hizo zimeanza kuenea miaka ya 1930. Ukizikuta chini ya kiti nazo zimeshika kutu pamoja na mbao, yani hazikutiwa juzi kwenye matengenezo, basi hadithi ya Barghash imeishia hapo na bei nayo ishuke. Pini za steplai ni jambo jengine, zile zinakwambia kitambaa kimevishwa upya tu, mbao yenyewe inaweza kuwa ya zamani kweli, usimgombeze muuzaji bure.

Pa kuvipata: maduka ya mitaa ya Hurumzi na Gizenga, Mji Mkongwe, nenda ukasome, ushike, uulize, lakini bei nyingi ni za kitalii. Makumbusho ya Kasri pale Forodhani nayo ina fanicha za wakati wa masultani, ukikuta kumefunguliwa ingia uzoeshe jicho. Kununua khasa mie nasema majumbani, watu wanaohama, nyumba za urithi za mjini, hata Wete na Chake kule Pemba, na vile vya kontena vinavyotoka Ulaya. Cha urithi uliza kwanza kama warithi wote wamekubali, usije ukawa unakula pilau juu ya kiti cha kesi.

Sasa kazi yenyewe. Beba tepu, simu yenye tochi, na kanga kuukuu. Tandika kanga chini, kipindue kiti kichwa chini miguu juu, muuzaji akikuona unafanya hivo usoni tu utajua kama ana la kuficha. Kimulike ndani ya kona nne za kikalio, pale kwa kawaida kuna vipande vya mbao vya pembetatu vinavyoshika kona, viangalie kama vipo vyote na kama vimekaza. Halafu pale mguu wa nyuma unapokutana na kikalio, hapo ndo roho ya kiti, mana'ke kila mtu anayeegemea anapavuta hapo. Cha mjomba nilipokuja kukifungua baada ya maji kumwagika nlikuta mguu ulishavunjika zamani, ukapigwa msumari wa inchi tatu, ukapakwa polishi ya kahawia na mahameli ikashushwa kufunika. Msumari kwenye kiungo cha kiti ni kama plasta juu ya mfupa uliovunjika. Viti vya zamani viliungwa kwa ulimi na tundu na gundi ya kuchemsha ya ngozi za wanyama, na uzuri wa gundi ile ni kuwa fundi anailegeza kwa joto na maji, anasafisha, anaunga upya, kiti kinarudi kuwa kimoja. Lakini akishapita mtu na gundi zile za kuchanganya vichupa viwili, ukitaka kukifungua inapasuka mbao si gundi.

Ukiwa hapo hapo chini soma na mengine. Tundu za misumari midogo kwenye fremu, safu mbili tatu maana yake kishavishwa mara kadhaa, si ubaya, ila fremu ikiwa imetobolewa mpaka imekuwa kama chekeche msumari mpya hautoshika (fundi mzuri anajaza kwa unga wa mbao na gundi, mwambie mapema). Ukiona safu ya tundu ndogo za sawasawa zimezunguka ukingo wa kikalio, kiti hicho kilizaliwa cha henzerani, yani kikalio cha kusukwa, sponji kavishwa ukubwani. Mie hivo huvirudisha kwenye henzerani, joto letu hili unakaa upepo unapita chini.

Na kama kikalio kinatoka, kitoe. Vile ambavyo kikalio ni ubao umekaa ndani ya fremu na unausukuma kwa chini ukatoka, hivo ndo vya kuanzia kwa asiyejua, kuvisha unaweza hata mwenyewe. Mafundi wa zamani walikuwa wakichonga namba za Kirumi kwa patasi, kwenye fremu na kwenye kikalio chake, I kwa I, II kwa II, kwa sababu kila kimoja kilikatwa kwa kiti chake. Ukikuta kikalio cha III kimelazimishwa ndani ya V ndo hapo kinapokaa upande na kulia kwiku kwiku. Namba zinakwambia pia kama seti imetimia, ukiona VIII na viti viko sita, viwili vimekwenda wapi? Uliza, pengine viko chumba cha pili.

Kirudishe wima. Weka goti juu ya kikalio, shika mgongo kwa mikono miwili, kisukume mbele nyuma, halafu kushoto kulia. Kikilia au kikicheza kidogo si mwisho wa dunia, kiungo kikifunguka ukaona weupe wa mbao ndani, hapo hesabu ya fundi inaanza. Kucheza kwa mguu mmoja usikuamini mpaka ukiweke mahali palipo sawa, nyumba za mji mkongwe sakafu zenyewe zimelala, utakuja kukikata mguu kiti kisicho na kosa. Angalia na nyayo za miguu, majumbani mwetu sakafu inaoshwa kwa kumwagiwa maji, mbao inanywa inaoza, kuna waliokata sentimita mbili tatu zilizooza na kiti kikabaki kifupi.

Ndo hapo tepu. Meza nyingi za kulia ni sentimita 75 hivi kwenda juu, kikalio kiwe kama 45, na nafasi baina ya kikalio na juu ya meza iwe 25 mpaka 30 mapaja yapite. Pima ukiwa umekaa, usipime sponji tupu, mana'ke ikikaliwa inazama. Vyenye mikono pima urefu wa mkono na chini ya ubao wa meza yako, wengi wananunua viti vya mikono vizuri kama vya mfalme na haviingii chini ya meza, vinakaa katikati ya ukumbi kila mtu anajikwaa. Upana hesabu sentimita 60 kwa kila mtu, meza ya watu sita usilazimishe wanane kwa ajili ya Iddi, watoto wanapenda mkeka na sinia zaidi wallahi. Na ngazi za nyumbani kwako je? Kiti kinapita, meza ndo kesi.

Aina nazipitia haraka. Vile vya Kiingereza vya katikati ya karne ya 19 vyenye mgongo wa duara kama puto vinapendeza sana ila panapoungana mgongo na kikalio ni pembamba, si vya mjomba. Vya mbao ya kupindwa, wenyewe ni kina Thonet wa Austria, kile chao maarufu cha namba 14 kimetoka 1859, na vilikuwa vinakwenda duniani vimefunguliwa vipande vipande ndani ya sanduku, ni vyepesi na vinakazwa kwa skrubu, ila waigaji walikuwa wengi kwa hiyo tafuta mhuri au karatasi chini ya kikalio kabla hujalipa kwa jina. Chaguo langu mie ni vya msaji vya Skandinavia vya miaka ya 1950 na 60, si antiki, lakini msaji unavumilia unyevu na mchwa hauupendi, na vingi kikalio kinatoka.

Wadudu sasa, na hapa nakaa kidogo. Bungua anaacha tundu kama ya sindano na unga. Tundu za zamani zilizojaa vumbi na polishi si hoja, unga mpya mweupe ndo hoja. Kama muuzaji ni muungwana mwombe kiti kilale usiku mmoja juu ya kitambaa cheusi, asubuhi ukikuta vijilima vya unga, bado anakula. Kunguni mtafute kwenye mshono wa pembeni na chini ya kitambaa cha chini, utaona vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu. Ukiviona usiseme "ntakianika jua", shukuru uondoke. Na kuanika kwenyewe uwe mwangalifu, jua la saa saba la kaskazi linafungua gundi na kubabua mbao ile nyembamba ya juu, gonga kwa ukucha pakilia pwa pwa pameshaachia. Kiti kianikwe kivulini penye upepo.

Ndani ya kikalio utakuta historia ya mtu. Cha Ulaya cha zamani kinaweza kuwa na singa za farasi juu ya mikanda ya juti, vya hapa kwetu usumba wa makumbi au sufi, na vya karibuni sponji. Singa na usumba zikiwa safi na kavu usitupe hata fundi akikubembeleza, zinapumua. Sufi inaganda mabonge. Sponji ukiibonyeza ikatoa sauti ya mkate mkavu na unga wa njano, ishakufa, tia mpya ngumu ya sentimita tano, si ile laini ya mto, na juu yake kitambaa cha marikani kabla ya kitambaa chenyewe.

Kitambaa mie mahameli nishatubu, tone la mchuzi wa biriani limekaa mpaka leo. Reksini, ile ngozi ya bandia, inafutika lakini miezi ya joto inagandana na mapaja na baada ya miaka michache inabanduka magamba. Pamba nzito iliyofumwa, yenye rangi ya kuficha au maua, ndo mwenzangu. Kwa vikalio sita vya kutoka, kitambaa cha upana wa sentimita 140 mita mbili zinatosha, cha maua makubwa ongeza nusu ili ua likae katikati, na usisahau kumwambia fundi hilo kwa mdomo wako huku unamwonyesha kwa kidole, mana'ke wangu alinivishia tausi sita, watatu hawana vichwa.

Bei patana baada ya kujumlisha vyote, kiti, fundi wa mbao, fundi wa makochi, kitambaa, gari, na nauli ya boti kama vinatoka Pemba. Mpigie fundi picha za chini ya kiti kabla hujatoa shilingi, siyo picha za mbele. Na kitambaa kinachobaki usimwachie, kikunje ukitie sandukuni, kikalio kimoja kitachanika tu kabla ya vyengine.