Somo: Kuwafundisha Wanafunzi Sanaa ya Uhalisia Ulioongezwa Pamoja na Wasanii wa Jamii za Asili

Somo hili ni la walimu wa sanaa na wa kompyuta wanaotaka wanafunzi wao watengeneze mchoro ambao mtu akiuelekezea kamera ya simu, unaanza kusogea, kutoa sauti au kuchomoza nje ya karatasi. Kazi inafanywa bega kwa bega na msanii wa jamii ya asili.

Mpangilio huu umetokana na kosa langu. Mara ya kwanza nilianza na programu, msanii akaja wiki ya tatu. Akakuta wanafunzi wameshachukua mtandaoni nakshi za watu wake na kuzizungusha hewani. Akatueleza kwa upole kwamba mojawapo haionyeshwi kwa kila mtu. Tulifuta kazi ya wiki mbili siku ileile, na ilistahili kufutwa.

Hatua ya 1: Msanii kabla ya yote

Mwalike kabla hujaandika mpango wa somo, na mlipe kama mtaalamu, saa za maandalizi zikiwemo. Usimwombe aje "kuwaonyesha watoto utamaduni wake". Mwombe aongoze. Kisha mwandikiane: kipi kinaonyeshwa, kipi hakiguswi, kazi ikikamilika ni ya nani, faili zitakaa wapi, na nani anaweza kuziondoa.

Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili la mwaka 2007, kifungu cha 31, linawapa haki ya kudumisha, kudhibiti, kulinda na kuendeleza urithi wao wa kitamaduni. Neno ninalolisisitiza darasani ni "kudhibiti". Hakimiliki ya kawaida haitoshi hapa: ina muda wa kuisha, na kwa kawaida humtambua mtunzi anayejulikana kwa jina. Hadithi au nakshi inaweza kuwa ya ukoo mzima, tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka.

Yapo pia mambo ambayo mwanafunzi hawezi kuyabahatisha. Katika jamii nyingi za Waaborijini wa Australia, kwa mfano, picha, sauti na hata jina la marehemu havitolewi ovyo. Ndiyo maana msanii anatangulia.

Hatua ya 2: Waone waliotangulia

Kipindi kimoja kinatosha. Kanada, Skawennati, msanii wa watu wa Mohawk, na Jason Edward Lewis walianzisha AbTeC, mtandao wa wasanii na watafiti ambao warsha zake za Skins huwafundisha vijana wa jamii za asili kugeuza hadithi za kwao kuwa michezo ya video. Australia, Mikaela Jade wa watu wa Cabrogal alianzisha kampuni ya Indigital, inayotumia uhalisia ulioongezwa kusimulia maarifa ya jamii. Wanafunzi wengi huja wakidhani watu wa asili ni habari za makumbusho, na fikra hiyo lazima itoke kabla hawajashika simu.

Hatua ya 3: Penseli

Msanii anasimulia, wanafunzi wanachora visanduku vya matukio: mtazamaji ataona nini kwanza, atasikia nini, na nini kitabaki kimefichwa kwa makusudi.

Hatua ya 4: Picha lengwa

Hii ndiyo picha ambayo kamera inapaswa kuitambua ili kazi ianze. Hapa ndipo wengi wanakwama. Programu haiuoni mchoro kama sisi. Inatafuta pembe na ncha zenye tofauti kali ya mwanga na giza, kisha inazikariri mahali zilipo. Nakshi nyingi za jadi ni za kujirudia: kipande hiki ni sawa na kile, kushoto ni sawa na kulia. Kamera inachanganyikiwa, na kitu kilicho juu ya mchoro kinatetemeka au kinapinduka.

Usimwambie msanii aivuruge nakshi ili kamera iielewe. Muulize kama kuna picha nyingine anayopenda itumike. Kwetu alichora ukingo wa mto wenye mawe yasiyolingana, nao ukashikwa papo hapo. Nakshi yenyewe ikabaki mahali pake, kwenye nguo aliyovaa siku ya maonyesho. Chapisha kwenye karatasi isiyong'aa, maana mwako wa taa hufuta zile ncha.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Ninatumia MindAR, inayoitambua picha lengwa, pamoja na A-Frame, inayoonyesha vitu vya pande tatu kwenye ukurasa wa wavuti. Vyote ni vya bure, na vinafanya kazi ndani ya kivinjari bila mtazamaji kupakua programu. Modeli ya pande tatu ihifadhiwe kama faili la glb (aina ya faili za modeli hizo), liwe jepesi. Ukurasa wa wavuti unaobeba kazi lazima uwe wa https, yaani wenye muunganisho salama, la sivyo kivinjari kitanyima kamera. Sauti nayo isubiri mtazamaji aguse kioo, kwani vivinjari huzuia sauti inayojianzisha yenyewe.

Tunza faili zote wenyewe. Meta, kampuni ya Facebook na Instagram, ilifunga Spark, jukwaa lake la kutengenezea uhalisia ulioongezwa, tarehe 14 Januari 2025, na kazi ambazo wabunifu wa nje walikuwa wamezitengeneza humo zikatoweka kwa watumiaji.

Hatua ya 6: Mtazamaji wa kwanza

Ni msanii, pamoja na yeyote atakayependa kuja naye. Akisema hapana, ni hapana. Weka wiki nzima ya marekebisho kwenye ratiba.

Maswali niliyoulizwa

*Shikamoo mwalimu. Niko chuo cha ualimu. Naweza kutumia akili unde kutengeneza modeli kwa mtindo wa jamii fulani?*

Marahaba. Usifanye hivyo. Mashine hiyo imejifunza kwa picha ambazo huenda wenyewe hawakuziridhia, na itakupa nakshi isiyo ya mtu yeyote iliyovikwa jina la watu halisi.

*Je, kazi itokee mahali fulani nje kwa kutumia GPS, badala ya juu ya picha?*

Simu kwenye uwanja wazi hukosea kwa mita kama 5, na karibu na majengo zaidi. Mti wako unaweza kuota katikati ya barabara. Tena, mahali penyewe panaweza kuhitaji ruhusa ya wenye ardhi.

*Nina mwanafunzi anayetoka jamii hiyohiyo. Awe msemaji?*

Hapana, mwalimu mwenzangu, labda ajitolee mwenyewe. Ni mtoto aliyekuja kusoma kama wenzake.

*Msanii akibadili mawazo baada ya maonyesho?*

Unaondoa faili kwenye seva jioni hiyohiyo. Michoro iliyochapishwa itabaki ukutani kwa watu, lakini wakiielekezea simu, hakuna kitakachoamka.